Wilson, Jina la Kwanza na la Mwisho

Leo nataka tukae na jina moja tu, jina la Kiingereza ambalo sidhani kuna familia katika Bonde la Ufa ya kati isiyokuwa nalo kwa damu, kwa ndoa au kwa ujirani. Jina lenyewe ni Wilson.

Simama kwenye steji ya magari ya Njoro hapa Nakuru mjini, uite Wilson kwa sauti. Atageuka dereva, atageuka mzee aliyekuja kuulizia pensheni yake, atageuka na kijana anayeuza chaja za simu. Mmoja Mkalenjin, mmoja Mkikuyu, mmoja Mkisii au Mluhya. Nenda Elburgon, nenda Molo, panda hadi Kuresoi, shuka Rongai na Mogotio, mambo ni yale yale. Ni jina la ubatizo, jina la darasani, jina la kwenye simu. Rafiki zake humwita Willy, na nyanya aliyezaliwa kabla shule haijafika kijijini humwita Wilisoni, silabi nne kamili, kila konsonanti na vokali yake.

Kwa asili yake Wilson halikuwa jina la kumpa mtoto. Lilikuwa jina la ukoo. Ni mwana wa Will, na Will ni ufupisho wa William, jina lililoenea Uingereza baada ya William wa Normandy kuvuka bahari na kuitwaa nchi hiyo mwaka 1066. Jambo hili huenda likahitaji maelezo marefu kwa watu wa mahali pengine, lakini si kwa msikilizaji wa Bonde la Ufa. Wilson ni arap Will. Jirani yetu Mmaasai wa Mau angesema ole Will, na Mkikuyu wa Subukia angesema wa Will. Waingereza wa zamani walifanya vile vile tunavyofanya sisi: ukitaka kumjua mtu, uliza ni mwana wa nani. Rais wetu wa sasa ni William na pia ni arap, William Kipchirchir Samoei arap Ruto. Laiti angezaliwa katika kijiji cha Uingereza miaka mia saba iliyopita, wanawe wangeitwa Wilson, na hakuna ambaye angeshangaa.

Basi ilikuwaje jina la kumtaja baba, jina ambalo mahali pake ni mwisho, likaja kukaa mbele kabisa kwetu, likawa la mtoto mwenyewe?

Njia ya kwanza ni kanisa. Misheni ya Africa Inland ilijenga kituo chake kikubwa Kijabe mwaka 1903, ukingoni mwa bonde, na kutoka hapo ikasambaa kuelekea Baringo na kwingineko. Aliyetaka kubatizwa alipaswa kuwa na jina jipya, na kwa kawaida jina hilo lilitoka katika Biblia. Kijana Toroitich arap Moi wa Sacho alibatizwa Daniel katika mikono ya misheni hiyo mwaka 1936, na jina hilo akaenda nalo mpaka Ikulu na mpaka kaburini kwake Kabarak, hapa Nakuru, Februari 2020. Lakini Daniel yumo katika Biblia. Wilson hayumo. Isome kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutamkuta. Kwa hiyo Wilson alifika kwa mlango mwingine, na mimi naamini mlango huo ulikuwa ni watu: mwalimu, daktari wa misheni, bwana wa shamba, afisa wa wilaya, au jina lililosomwa gazetini. Naamini pia kwamba sikio lilisaidia. Sikio lililokwisha kumzoea Samsoni wa Biblia halikupata taabu kumpokea Wilson, na nyuma yake akina Johnson, Jackson, Nelson, Harrison na Dickson. Wote hao kwao ni majina ya ukoo. Kwetu ni majina ya kwanza.

Njia ya pili ni shamba. Hapa kwetu, kuanzia Naivasha mpaka Molo, ardhi nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi. Kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande, karatasi iliyotiwa kwenye kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni, yenye jina lake, alama za vidole vyake, na habari za mwajiri wake na mshahara wake. Bila kipande ulikuwa mhalifu. Ndani ya karatasi ile jina lako lilikuwa lile ambalo karani alilisikia, na karani alisikia kwa sikio lake, si kwa lako. Kip hugeuka Kib, arap huruka, jina la baba hukaa mahali pa jina la mwana. Mtu aliyekwisha kuona jina la babu yake likivunjwavunjwa namna ile, nadhani hakuona ubaya kuwa na jina moja ambalo karani angeliandika bila kukosea.

Tazama sasa watu wenyewe waliolibeba.

Tarehe 16 Oktoba 1964, huko Tokyo, Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho alimaliza wa tatu katika mbio za mita 800 za Olimpiki, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Shaba ile ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kupata kuletwa Kenya. Dhahabu zote za akina Kipchoge Keino na waliofuata, mlango wao ulifunguliwa siku hiyo na Wilson. Na siku hiyo hiyo, 16 Oktoba 1964, mjini London, Harold Wilson aliitwa na Malkia na kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, na Malkia yule yule bado alikuwa mkuu wa nchi yetu mpaka tulipokuwa jamhuri Desemba ya mwaka huo. Wilson mmoja kwa jina la ukoo, Wilson mwingine kwa jina la ubatizo, siku moja. Napenda kufikiri kwamba kwa wazee wa Kericho waliokuwa wakisikiliza redio jioni ile, Wilson wa maana alikuwa mmoja tu. Kiprugut alirudi tena Mexico mwaka 1968 akapata fedha, nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Alifariki mwaka 2022.

Jina lake la katikati ndilo linalonigusa zaidi. Kiprugut ni mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Wakalenjin hawampi mtoto jina la pambo, humpa jina la saa yake: Kiprono alizaliwa mbuzi wakirudi jioni, Kipkoech alfajiri, Kiprop mvua ikinyesha, Kiptoo wageni wakiwa wamefika, Kibet mchana. Ukilisoma jina kama hilo unakuta ndani yake habari ya siku moja katika boma moja, ambayo haikuandikwa popote pengine. Wilson halitaji siku wala hali ya hewa. Halisemi hata mvulana huyu ni wa ukoo gani. Ndiyo maana watu wa jamii zote waliweza kulitumia bila ugomvi.

Nisisahau uwanja. Abiria wengi wanaopanda ndege ndogo pale Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara au Lodwar hudhani uwanja ule ulipewa jina la mwanamume, pengine gavana au mwanajeshi. Ulipewa jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929 pamoja na rubani Tom Campbell Black. Kampuni yenyewe haikuvuka Vita Vikuu vya Pili, ila jina lilibaki, na uwanja ukaitwa hivyo rasmi mwaka 1962. Kwa hiyo mwana wa Will mashuhuri kuliko wote jijini Nairobi alikuwa bibi. Kwa Waingereza jina hili lilikwisha kusahau maana yake zamani sana.

Sasa niwapeleke Zurich, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Jioni ya tarehe 13 Agosti 1997, katika uwanja wa Letzigrund, Wilson Kipketer alikimbia mita 800 kwa dakika moja, sekunde 41 na nukta 24. Rekodi ya dunia. Jioni hiyo hiyo, uwanja huo huo, Wilson Boit Kipketer alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji kwa dakika saba, sekunde 59 na nukta 08. Rekodi ya dunia. Mapema mwezi huo, Athens, kila mmoja alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia katika mbio zake. Wote wawili wana wa nyanda zetu za juu. Wa kwanza alizaliwa Nandi, akasoma Iten, akaenda Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi na kubaki huko. Ndiyo sababu hakuonekana Atlanta mwaka 1996, kwa kuwa uraia wake wa Denmark haukuwa umekamilika. Wa pili alikimbia akiwa na jezi ya Kenya.

Hebu mfikirie mtangazaji wa jioni ile. Ana Wilson Kipketer aliyevunja rekodi, na ana Wilson Kipketer mwingine aliyevunja rekodi. Jina la Kiingereza halimsaidii, ni lile lile. Jina la kuzaliwa halimsaidii pia, kwa sababu wote wawili ni Kipketer, mtoto aliyezaliwa barazani. Kilichobaki ni neno moja lenye herufi nne, Boit. Jina la nyumba ya kwao ndilo lililomwambia ulimwengu nani ni nani. Siku kumi na moja baadaye, huko Cologne, Wilson wa Denmark aliishusha tena rekodi mpaka 1:41.11, ikakaa miaka kumi na mitatu hadi David Rudisha alipoivunja mwaka 2010. Na siku hiyo hiyo rekodi ya Boit ilichukuliwa na Bernard Barmasai. Kwa siku hizo kumi na moja dunia ilikuwa na Wilson Kipketer wawili wenye rekodi, na walitenganishwa na jina ambalo makarani wengi wa hapa nchini wangeliacha wakisema nafasi imejaa.

Hilo ndilo linaloniuma. Sina ugomvi na Wilson. Nawasikia vijana wasomi wakisema majina haya ni mnyororo wa ukoloni na tuyatupe yote. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Jina ambalo Kiprugut alilibeba mpaka jukwaa la Tokyo, jina ambalo Wilson Kipsang alikuwa nalo alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2013, saa mbili, dakika tatu na sekunde 23, si la mlowezi tena. Ni kweli Kipsang alikuja kufungiwa mwaka 2020 kwa kukosa kupatikana kwa vipimo, na hilo nalo ni sehemu ya historia ya jina. Limefanya kazi hapa, limelima hapa, limezikwa hapa. Ukiwaambia watu walifute, unawaambia wafute jina lililoko kwenye makaburi ya baba zao.

Ugomvi wangu ni na lile tunaloacha. Tunaandika Wilson kwa ukamilifu, herufi sita, hakuna inayokosekana, kisha lililo letu tunalikatakata. Chukua orodha ya darasa katika shule yoyote ya bweni upande wa Molo au Keringet. Utakuta Wilson K., Wilson K. na Wilson K. Mmoja ni Kibet, mmoja ni Kiplagat, mmoja ni Kamau. Mwalimu huwatofautisha kwa nambari ya usajili au kwa urefu. Nimewahi kukaa na kijana ambaye cheti chake cha mtihani kilisema Wilson Kibet, kitambulisho kikasema Wilson Kibet Rono, na cheti cha kuzaliwa kikasema Kibet Wilson. Ofisi moja ilimwambia hao ni watu watatu. Alitembea na bahasha ya kaki muda mrefu, ameikunja katikati mpaka imechanika, ndani mna kiapo cha wakili, barua ya chifu na nakala zilizopigwa mhuri upande wa juu na upande wa chini. Nafasi ya kazi aliyokuwa akiifuata ilipita. Hakuna alichokosea. Alipewa majina yote matatu akiwa mchanga, ila kila karani aliyapanga na kuyapunguza alivyoona yeye.

Lakini kuna jambo zito zaidi, na nisingependa kulipita kwa sababu tuko Nakuru. Kuna watu hapa waliochagua kubaki Wilson tu, na wana sababu. Mwisho wa Januari 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, mji huu na Naivasha viliwaka. Barabarani kulikuwa na vizuizi, na kwenye vizuizi watu waliulizwa vitambulisho. Aliyekishika kitambulisho hakutazama jina la kwanza. Alilipita Wilson, macho yakaenda moja kwa moja kwenye jina la pili na la tatu, na kwa majina hayo mtu aliruhusiwa kupita au hakuruhusiwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima katika machafuko yale, na uliokuwa mkoa wetu wa Bonde la Ufa ndio uliozika wengi zaidi. Baada ya hapo wako wazazi, hasa wale wa ndoa za jamii mbili, waliowaandikisha watoto wao majina ya Kiingereza matupu, Wilson James au Brian Wilson, ili karatasi isije ikawasaliti.

Siwezi kumlaumu mzazi huyo. Kama ningekuwa na mtoto kwenye gari lililosimamishwa siku zile, ningetamani naye awe Wilson na basi. Hata hivyo naona tumewaachia watoto kazi ya kujificha, ilhali kazi yetu watu wazima ni kuhakikisha hakuna anayesimama barabarani kusoma jina la mwenzake kwa nia ya kumdhuru. Na kuficha kwenyewe hakufiki mbali. Aliyekusudia ubaya huuliza jina la baba, huuliza kijiji, husikiliza namna unavyotamka. Walichokikosa watoto hao ni jina la babu yao, na usalama hawakuupata.

Kwa Wakikuyu wa hapa jina limepata uhai wa namna nyingine. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na siku hizi si jina la Kikikuyu peke yake, hata la ubatizo huenda nalo. Kwa hiyo unaweza kukuta Bahati au Subukia mtoto wa chekechea anayeitwa Wilson wakati wenzake darasani ni akina Liam, Ethan na Jayden. Ukiuliza utaambiwa ni jina la guka. Baba mtu hawezi hata kumkaripia kwa jina, kwa kuwa anahisi anamkaripia mzazi wake. Hapo jina lililotoka Uingereza limeingia kabisa katika mzunguko wa ukoo, na mtu hawezi tena kusema ni la kigeni.

Ndugu zetu wa Tanzania wamelirudisha mahali pake pa asili bila kukusudia. Huko mtoto hubeba jina la kwanza la baba kama jina lake la pili, hivyo binti wa Wilson huitwa, tuseme, Neema Wilson. Kwetu nako desturi hiyo inaingia mijini. Nawajua wasichana wa hapa Nakuru wanaojiandika Wilson mwishoni, na ukiwauliza babu yao aliitwa nani, wengine hawajui.

Na babu ndiye wa kuuliza. Kwa Wakalenjin kuna jina ambalo halimo katika kitambulisho chochote, jina la kurenet. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humzunguka wakitaja majina ya jamaa waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa alipopiga chafya ndilo lake. Ni huyo mzee aliyekubali kurudi. Wengine humsaidia mtoto kwa ugoro kidogo puani. Jina hilo hutumika nyumbani tu, na mara nyingi anayelikumbuka ni nyanya peke yake. Wako watu wazima wenye majina matatu kwenye karatasi ambao hawajui walipigia chafya jina la nani, kwa sababu nyanya alifariki wao wakiwa shuleni na hakuna aliyeuliza.

Fomu ya kuzaliwa hujazwa hospitalini, muuguzi akiwa amesimama na kalamu, mara nyingi kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na kabla nyanya hajashuka kwenye gari kutoka mashambani. Ndipo Wilson huandikwa haraka, kwa kuwa ndilo jina lililo tayari mdomoni. Liandikeni, si kosa. Ila msikilizaji mwenye mjamzito nyumbani mwezi huu, mpigie nyanya simu leo jioni, muulize majina ya wazee wa pande zote mbili, uyaandike kwenye karatasi namna anavyoyatamka yeye, kisha karatasi hiyo uitie kwenye mfuko wa kwenda hospitalini.